Kondoo na Ubao Uliompiga

Shemeji yangu tulimwita Kondoo, maana hata nzi alimfukuza kwa adabu. Kwenye karakana yetu ya mbao yeye ndiye aliyeshika swichi ya msumeno mkubwa. Kwa kelele zile sauti ya mtu haisikiki, kwa hiyo tulikuwa na sheria moja: ukipeleka mkono karibu na meno, unagonga meza ya msumeno mara mbili, ko ko, na Kondoo akihisi mtikisiko anazima. Enzi zake hakuna aliyepoteza kidole.

Siku moja msumeno ulitema ubao, ukampiga kwenye paji la uso. Akashonwa, akarudi kazini, ila aliyerudi hakuwa yule. Alimshika mteja matiti mbele ya mumewe. Mume alipofoka, Kondoo akamvunja taya kwa nyundo.

"Kondoo kaota pembe!" mafundi wakacheka.

Kicheko kikaisha alipomvunja dada yangu, mkewe, mkono kwa sababu ya chai iliyopoa.

Daktari alituonyesha picha ya kichwa chake. "Hasira na tamaa sote tunazo, zinatoka huku ndani," alisema. "Hapa mbele ndipo penye breki. Zake zimesagika."

"Zitarudi?" dada akauliza.

"Sidhani, mama."

Mama yetu akamsihi dada aondoke kabla hajashonewa sanda. Dada akajibu, "Mgonjwa haachwi, mama."

Jumapili nilikwenda kuwajulia hali. Nikamkuta Kondoo amemkaba dada koo, amembana ukutani, macho yamemtoka dada. Nikampiga kigoda cha mgongo. Akageuka, akanipiga teke la mbavu, nikaanguka, naye akarudi shingoni. Nilitaka kupiga yowe, lakini lile teke lilikuwa limenikata pumzi. Nikagonga mguu wa meza. Ko ko.

Kondoo akaachia. Mkono wake wa kulia ukapapasa ukutani, ukitafuta swichi.

"Nani kapeleka mkono?" akauliza kwa sauti yake ya zamani. "Shemeji, u mzima?"

Nilikuwa natema damu. Dada alimtazama, machozi yakamtiririka, kisha akavaa viatu.

"Huyu ndiye niliyeolewa naye," aliniambia kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini hakai. Nitoe kabla hajaondoka."

Tulipofika barabarani, nikasikia kigoda kikipasuliwa ukutani.