Maji ya Bidoni au Maji ya Mtoto

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na ilianza kwa ugomvi wa yai.

Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwetu Nyalukemba, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na sisi tulishazoea kusikiliza kabla ya kufungua mlango. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imefika pale ambapo mtu haoni tena vidole vya miguu yake. Nilikuwa mezani, yai la kuchemsha mbele yangu. Upande huu alikaa mama yangu mzazi, upande ule mama mkwe wangu, mamake Deo.

"Kula, Furaha," mama akasema. "Mutoto anataka nguvu."

"Asikule," akasema mama mkwe. "Mwenye mimba akikula yai, mutoto anazaliwa kipara."

Deo, mume wangu, akainua macho kutoka kwenye kitabu cha Kifaransa cha mambo ya wajawazito alichoazima kwa mwenzake wa biro, yaani wa ofisini. Akasema kitabu kinaruhusu yai, ila liive sana.

Yai lenyewe lilikuwa limeshapoa. Nilimega kipande kidogo, nikakitafuna, nikarudisha lililobaki kwenye sahani. Wote watatu wakaninunia.

Nikueleze kwanza jinsi wamama wale wawili walivyokutana chini ya bati moja. Mama yangu alitoka Luvungi, kule tambarareni, baada ya watu wenye silaha kuingia kijijini. Alifika kwetu na mfuko wa mchele wa shamba lake kichwani, akasema mchele huo ni wa siku ya mtoto. Mama mkwe alishuka kutoka milima ya Kabare, kwa maana na kule hakukulalika, tena huyu angekuwa mjukuu wake wa kwanza. Kila mmoja alikuwa amezoea kuwa mkubwa nyumbani kwake. Na wote walinipenda, mwanangu. Lau mmoja angekuwa mbaya, ningejua wa kumsikiliza na wa kumkimbia.

Mama yangu alisema nilale, nisije nikamchosha mtoto. Mama mkwe alisema nitembee na kupiga deki, mtoto asijisahau humo ndani. Mama alinishonea vinguo vidogo na kuvipanga ndani ya valizi, sanduku la nguo. Mama mkwe akavikuta, akavificha nyuma ya kabati, maana kwao mtoto hatayarishiwi nguo kabla hajalia. Mama akavitafuta siku nzima, akavirudisha kwenye valizi. Mama mkwe aliona tumbo limechongoka, akasema ni muvulana. Mama aliona limetanda, akasema ni binti. Jirani yetu Maman Zawadi, aliyekuja kuazima chumvi tu, alinitazama toka juu hadi chini akasema ni mapacha, kisha akaenda zake na chumvi yetu, akituacha katika hali hiyo.

Na mimi nilikuwa mtu niliyesoma! Nilikuwa karani, nikiwapigia wakubwa barua zao kwa mashine bila kosa hata moja. Lakini miezi ile ya mwisho nilifika mahali ambapo sikujua kama nina njaa au nimeshiba. Nikisikia usingizi, nilimtazama kwanza mmojawao usoni ili nijue kama naruhusiwa kulala.

Hata uchungu wenyewe sikuujua. Jumapili moja, katikati ya misa, tumbo lilinikaza nikapiga kelele. Padri alikatiza mahubiri, wanakwaya wakanibeba, tukakimbia hadi materinite, hospitali ya uzazi ya masista. Mkunga alinibonyeza huku na huku, akaniuliza usiku nilikula nini. Nikamwambia. "Mama," akasema, "haya ni maharage. Rudia nyumbani." Mtaa mzima ulicheka. Watoto wa jirani wakawa wakiniona wanaulizana kwa sauti, "Iko mutoto ao iko maharage?"

Sasa turudi siku ile ya yai. Robine ya nyumbani, bomba letu la maji, ilikuwa kavu. Mama mkwe alisema nishuke kuchota maji kwenye robine ya barabarani, nitembee kidogo. Mama yangu alisema nisithubutu. Nikachukua bidoni, dumu dogo la maji, nikanuia kuijaza nusu tu, ili nisimkosee yeyote. Mwanangu, nilifikiri hiyo ndiyo akili.

Nilikuwa nimeshaijaza nusu na kujitwisha pale masasi ya bunduki yalipoanza kulia upande wa Nguba. Wanawake tuliokuwa pale tukatawanyika kama kuku. Mmoja alinigonga begani, nikakaa chini kwa makalio, na bidoni ikanimwagikia yote, kutoka kichwani hadi kwenye ndala. Niliinuka sijui vipi. Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Deo na wale wamama walikuwa wamelala sakafuni kwenye koridoo, mbali na madirisha, kama tulivyozoea. Nikajilaza kati yao.

Hapo ndipo niliposikia maji mengine.

Au sikusikia. Nilijaribu kufikiri taratibu. Maji ya bidoni yalikuwa ya baridi. Haya yana joto. Lakini hata mimi mwenyewe nina joto, huenda yamepata moto kwangu. Kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, kilikuwa kinachuruzika. Nikasema kwa sauti ndogo, "Maman, kuna maji," na sikusema namwambia maman yupi.

Wote wawili walikuja kwa magoti. Mama mkwe alishika upindo wa kikwembe, akaunusa. "Haya iko ya robine," akasema.

Mama yangu naye akanusa. "Hapana. Haya iko ya mutoto."

"Ya robine! Si ametoka ku robine sasa hivi?"

"Weye umezala watoto wako ku mulima, maji ya robine unayajulia wapi?"

Masasi yanalia nje, na wazee wawili wanavutana kikwembe kimoja, kila mtu na pua yake. Deo alikuwa anapekua kitabu. Akasema kitabu kinashauri kumwona daktari. Nilitaka kucheka, na wakati huohuo mgongo ukanikaza kwa namna ambayo maharage hayakuwahi kunikaza. Lakini nilikumbuka wale watoto wa jirani, nikauma meno.

Masasi yalipopungua, mama alisema twende sasa hivi. Mama mkwe alisema tusitoke, yeye mwenyewe atanizalisha pale koridoo kama alivyozalisha wenzake kijijini. Deo alisimama kati yao, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mwishowe akasema, "Tuende," nadhani kwa sababu kutembea kulikuwa rahisi kuliko kuwasikiliza.

Tulitoka. Deo alitangulia, amefunga kitambaa cheupe kwenye mpini wa fagio, amekiinua juu ili watu wajue hatuna ubaya. Mkono mwingine ameshika mfuko wa safari. Mama alinishika mkono wa kulia, ananivuta nyuma: "Polepole, Furaha." Mama mkwe alinishika wa kushoto, ananivuta mbele: "Tembea, atashuka muzuri." Barabara ilikuwa tupu kabisa, maduka yamefungwa, hata mbwa hakuna.

Kwenye kona tukakuta bariere, kizuizi cha barabarani. Wanaume wenye bunduki, na mkubwa wao ana macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Munaenda wapi?"

"Anazala sasa!" akasema mama yangu.

"Anaenda kupimwa tu, bado siku!" akasema mama mkwe, wakati uleule.

Nadhani mama mkwe alifikiri kwamba mjamzito aliye karibu kujifungua angetusababishia shida zaidi. Alitaka kunilinda. Lakini yule mwanamume alitutazama mmoja mmoja, na uso wake ukabadilika.

"Huyu anasema anazala, huyu anasema bado. Munaficha nini mu tumbo ile?"

Siku zile kulikuwa na watu waliokamatwa na silaha chini ya nguo, na tulijua yaliyowapata. Alimwamuru Deo apige magoti. Mwenzake akafungua mfuko aliokuwa ameubeba, akaingiza mkono, akautoa umejaa mchele. Katika haraka ile, Deo aliacha valizi ya nguo za mtoto, akabeba mfuko wa mchele ambao mama alitoka nao Luvungi.

"Munaenda kuzala na muchele?"

Leo nikifika hapo wajukuu wangu wanacheka hadi machozi. Siku ile hakuna aliyecheka. Mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea kwenye shingo ya mume wangu. Wale wamama walianza kueleza, wote kwa pamoja, huyu mchele, huyu kitambaa, huyu yai, ndiyo, hata yai lilitajwa, na kadiri walivyoeleza ndivyo sisi tulivyozidi kuonekana waongo.

"Nyamazeni bote!" yule mwanamume akapaza sauti. Akanisogelea, hatua moja tu kati yetu. "Weye mwenye tumbo. Unasikia nini?"

Mwanangu, nilishindwa kujibu mara moja, na si kwa hofu peke yake. Katika miezi yote ile, ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaonipenda, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wa kwanza kuniuliza alikuwa mtu mwenye bunduki, na yeye aliuliza ili ajue kama atupige. Nilifungua mdomo, na ndani hakukuwa na jibu, kulikuwa na sauti ya mama na sauti ya mama mkwe na Kifaransa cha Deo. Ilibidi nifumbe macho. Nikashuka chini zaidi ndani yangu, nikamtafuta Furaha. Nikamkuta.

"Nasikia mugongo unapasuka," nikasema. "Maji inatoka, na iko yangu. Mutoto anakuya. Ukimuacha bwana yangu mu magoti dakika ingine, nitazala hapa mu barabara, na weye njo utamupokea."

Alirudi nyuma. Kweli, alirudi nyuma, mtu yule, kana kwamba mtoto angemrukia. Mmoja wa wenzake alicheka. Mkubwa wao akatutupia mkono: "Pita! Piteni!" Mchele ulibaki kwao, na hakuna aliyegeuka kuudai.

Materinite alitupokea sista mzee, mkunga, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hata sijafika kitandani, wale wazee walianza tena: alale hivi, alale vile, asinywe, anywe. Sista alivua miwani, akaipangusa taratibu, akaivaa.

"Wamama," akasema. "Naona munamupenda huyu mutoto wenu. Lakini mumemujaza masikio mpaka hasikii tena mwili yake. Kama munabaki hapa, atasema yeye, na sisi tutasikiliza. Kama hamuwezi, benchi iko inje."

Nilifikiri watakasirika. Mama yangu alitazama sakafu. Mama mkwe, mwanamke yule wa milima ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani, alijifuta macho kwa kiganja, akaniambia, "Mwali, nilikuwa naogopa. Mutoto wangu wa kwanza alikufia ku mikono yangu. Njo maana nasema sana."

Miezi yote tuliishi pamoja, na sikujua. Mama yangu ndiye aliyemshika bega.

Nikaanza kusema. Mwanzoni nilisema kwa aibu, kisha kwa sauti. Nilitaka kusimama, nikasimama. Nilitaka mama mkwe anikandamize kiuno, kwa maana mikono yake ilikuwa na nguvu, naye akakikandamiza bila kusema lolote. Nilitaka mama aimbe wimbo wa kulaza watoto, naye akaimba, sauti ikikatika kila masasi yalipolia mbali. Bado sikujua mambo mengi. Nilichanganyikiwa hadi dakika ya mwisho, nikafikiri nakufa, kisha nikafikiri nataka kwenda choo, na sista alicheka akasema, "Huyo si choo, mama, sukuma." Jua halijazama, binti akatoka, akalia kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa.

Nguo za mtoto hatukuwa nazo. Mama mkwe alifungua kikwembe chake cha juu, na chini yake alikuwa amevaa kile kizuri cha Jumapili. Akakivua hicho, akamfungia mjukuu wake. Mama yangu akamsaidia kukaza pindo. Walipoanza kuulizana jina, wote wawili waliacha, wakanitazama mimi. Nikasema ataitwa Sifa. Deo, ambaye alikuwa amekaa benchi ya nje na lile fagio lake, aliingia akalirudia jina hilo mara kadhaa, polepole, ili alizoee.

Basi mwanangu, wewe ambaye sasa tumbo limekutangulia mlangoni, nasaha yangu ni hii. Wakubwa wako wasikilize, uwashukuru, maana wengi wanaokushauri kwa kelele wana kidonda ambacho hawajakuonyesha. Lakini kila siku tafuta mahali pa kukaa peke yako, hata chooni, ujiulize unasikia nini. Jibu likija, liseme wakati lingali dogo. Ukikosea, watu wacheke. Kicheko hakijaua mjamzito. Mchague mtu mmoja ambaye siku ile atasimama karibu nawe, akinyamaza ukimwambia anyamaze. Usione aibu kwamba umechanganyikiwa. Wote tuliozaa tulichanganyikiwa, ila wengine tumesahau.

Na ninyi mlio karibu naye, waume, mama wakwe, majirani wa chumvi, kabla hamjamwambia afanye nini, mwulizeni. Mimi nami sasa ni mama mkwe. Mke wa mwanangu anapopita na tumbo lake, ulimi unaniwasha, wallahi unaniwasha. Ninameza mate, ninamwuliza, "Unasikia namna gani, mama?" Halafu ninangoja.

Mungu akufungue salama, mwanangu. Siku yako ikifika, njia iwe wazi na barabara iwe tulivu. Mikono itakayompokea mtoto iwe safi na yenye joto. Maziwa yako yashuke, usingizi wako urudi. Na huyo anayekuja aikute nchi yenye amani kuliko ile tuliyompokelea Sifa.