Jiko la Mgeni

Nyumbani kwetu Kihesa moto ulikuwa wa kupikia na wa mgeni. Sisi wengine tulikuwa na masweta. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, fundi wa breki za malori kule Ipogolo, aliyepanda mlima kila jioni na kutukuta tumejikunyata kama vifaranga, na swali lake la kwanza lilikuwa nani ameacha taa ya jikoni inawaka. Ukimwambia unasikia baridi, alikuuliza umevaa soksi ngapi. Ukisema jozi mbili, alikujibu kwamba basi bado una nafasi.

Mtu ambaye hakukulia Iringa anaweza kudhani natia chumvi. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa kule hauna adabu. Unapenya chini ya mlango, unavuka sweta la mtumba na kukaa kwenye mbavu. Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulijifunza akili. Wenzetu waliwalilia mama zao wapikiwe wali, sisi tuliomba makande, kwa sababu makande hayaivi upesi na moto wake unadumu. Tuligombania kunyoosha nguo, maana pasi yetu ilikuwa ya mkaa, na kaka aliweza kung'ang'ania shati moja la shule mpaka mama akamuuliza kama anataka kulitoboa. Na kila jumuiya ya kanisani ilipotafuta nyumba ya kusalia Jumamosi, mikono ya kwanza kunyooshwa ilikuwa yetu. Watu walisifu jinsi tulivyolelewa katika dini. Mama alijua tunachokitafuta, lakini alinyamaza, kwa kuwa siku hizo hata yeye alichagua kiti cha karibu na jiko.

Maana mgeni, kwa baba, alikuwa mtu mwingine kabisa. Akiingia tu, jiko lililetwa sebuleni limejaa makaa mekundu, dirisha likafunguliwa kidogo ili hewa ya mkaa isituue, na sisi tukasogeza vigoda tukijifanya tunapenda sana habari za wakubwa. Baba alisema nyumba ambayo mgeni anatetemeka ndani yake ni heri iezuliwe bati. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tulikuwa tunapona kweli.

Halafu bibi akaja. Huyu ni mama yake baba, aliyeishi Chunya kwenye joto na vumbi, na tangu babu alipofariki alikuwa peke yake. Msimu wa mvua aliugua malaria, akalala ndani mpaka jirani aliyefuata ungo wake akamkuta hawezi hata kujichotea maji. Baba alipopata habari ile hakugusa chakula. Alifunga safari, akamleta, akatuambia kwamba bibi hataishi tena peke yake maadamu yeye yu hai.

Siku mbili za kwanza tulistarehe. Jiko lilikaa sebuleni jioni nzima, bibi katikati, akimwita kaka mume wangu na mimi mke mwenzangu, na akilalamika kwamba mume mwenyewe hajui hata kufuta kamasi. Siku ya tatu jiko halikuja. Kaka alimkumbusha baba kwa heshima zote, na baba akashangaa. Alisema mama yake si mgeni, ni mwenye nyumba, na kumfanya mgeni ni kumtukana. Kisha akaenda chumbani akamletea soksi.

Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazivaa mikononi.

Wiki ile alihamia jikoni. Mama akipika, yupo. Mama akizima moto, bibi anabaki anaota majivu. Siku moja nikamsikia akimwambia mama kwamba anampenda mwanawe, lakini mifupa inamuuma, na hali ikiendelea hivi atarudi Chunya mwisho wa mwezi. Heri upweke, alisema, kuliko kuganda mbele ya watu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nililia kwa sababu nilimpenda, na nisiseme uongo, pia kwa sababu nililala naye kitanda kimoja na blanketi zuri lilikuwa lake.

Jioni iliyofuata baba alikuwa amekaa sebuleni. Bibi akabeba kapu lake la safari, akatoka kwa mlango wa nyuma. Haukupita muda tukasikia mtu mlango wa mbele.

"Hodi wenyewe."

Baba aliitikia karibu kabla hajafikiri. Bibi akaingia amejitanda kanga, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akaweka kapu miguuni. Baba alijua fika huyu ni nani. Lakini mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukaa na mgeni bila kumuuliza anatokea wapi, na aliyemlea ndiye alikuwa amekaa pale. Akauliza.

"Natokea Chunya."

"Habari za huko?"

"Huko kuna joto," bibi akasema.

Mama alikuwa ameshainuka kufuata jiko.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila jua likizama bibi anatoka nyuma na kuingilia mbele. Mara anatokea Makambako, mara Mbeya, na kila anakotokea ana habari za huko, za bei ya vitunguu na misiba ya watu ambao hatukuwajua. Baba akaona dawa ya mgeni ni ile ile ya wahenga: siku ya tatu mpe jembe. Alimletea jembe kweli. Bibi hakubisha. Asubuhi alilima bustani ya mboga mpaka jasho likamtoka, akasema hajawahi kuona raha kama ile tangu afike Iringa, na jioni akapiga hodi upya. Mgeni wa jembe, alieleza, ameshaondoka. Huyu ni mwingine. Majirani wakasikia, wakaanza kupita saa za jioni kuona mchezo, na kwa kuwa nao walikuwa wageni, jiko likabidi lijazwe zaidi. Gunia la mkaa likawa linakonda. Baba naye akawa hacheki.

Ndipo ikafika jioni bibi alipopiga hodi na baba hakuitikia. Sote tulimsikia bibi, na sote tulimtazama baba. Bibi akarudia. Mama akataka kuinuka, baba akamzuia kwa mkono, akaenda mwenyewe kufungua, akasimama mlangoni upepo ukiingia ndani.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, "mimi sikukuleta hapa uwe mgeni. Mgeni anaondoka. Na mimi nakuogopea, sitaki uondoke."

Sikuwahi kumsikia baba akisema anaogopa kitu chochote. Pale nje bibi aliikaza kanga yake iliyokuwa ikipepea.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Sasa hapa kwako, mwenye nyumba akisikia baridi anafanyaje?"

Jibu sisi tulilijua, ni kuongeza soksi. Baba pia alilijua, lakini halikutoka. Alimshika bibi mkono, akamwingiza, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, halafu akaenda stoo kufuata mkaa. Tulimsikia akihangaika. Mtu ambaye alijua breki za kila lori alishindwa kuwasha jiko, akajaza moshi uani, akakataa kusaidiwa. Alipolileta hatimaye lilikuwa na makaa mawili yaliyoshika na macho yake yalikuwa mekundu. Akavuta kigoda, akakaa nasi watoto, akanyoosha mikono kwenye moto.

Makaa yalipokolea, alikuwa ameshalala usingizi, mdomo wazi, mikono bado mbele. Kaka akaanza kucheka. Bibi akamkanya.

"Mwacheni," alisema taratibu. "Huyu tangu mdogo ni mtu wa baridi. Chunya kwenye jua lile namfunga mgongoni, jasho linanitiririka mimi, yeye anatetemeka."

Kaka aliacha kucheka. Mama alimtazama mumewe, akachukua bakuli, akaenda stoo kuchota mkaa wa kuongeza.