Kamba Mkononi, Msuli Chini

Jamani, kama ni kunicheka nichekeni sasa hivi mmalize, maana video yenyewe imeshazunguka Burnsville nzima, mji wetu huku ughaibuni, na sina cha kuficha tena (hata dada yangu kule Tanga ameipata, sijui katumiwa na nani).

Ilikuwa siku ya Onam, sikukuu ya mavuno ya watu wa Kerala, India, ambayo huja mvua zao kubwa zinapoelekea kuisha. Jirani yetu Suresh, ambaye binti yake Anju anasoma na Salma wangu, alitualika tukasherehekee nao kwenye bustani ya mtaani. Sasa mjue kwamba tangu tuhame kutoka mtaa wetu wa zamani, Cedar-Riverside, Salma alikuwa hana rafiki hata mmoja, akirudi shule anajifungia chumbani, mpaka alipotokea huyu Anju. Kwa hiyo kwenye gari akanigeukia, "Baba, please, just sit and eat." (Kiswahili anakielewa vizuri sana, ila kujibu ni Kiingereza siku zote.) Nikamwahidi nitakaa, nitakula, basi.

Na kweli nilikaa. Nikala wali kwenye jani la mgomba, na mboga za nazi za kila aina, mpaka nikajiona niko nyumbani. Kimvua kikaanza kudondoka, Suresh akafurahi, akasema Onam bila mvua hainogi. Halafu akaja kuniinamia: kwenye kuvuta kamba, wanaume wa Burnsville walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja, na wale wa mji jirani wa Bloomington wanawashinda kila mwaka.

"Wewe una mwili, kaka. Utakaa mwisho, utushikilie."

Ningesema nimeshiba, yangeisha. Sikusema.

Wavutaji wote walivaa mundu, yaani kitambaa cheupe chenye pindo la dhahabu kinachofungwa kiunoni kama msuli. Suresh akanipa wake mmoja pamoja na mkanda. "Funga na mkanda," akasema, "siku ya kamba hata sisi tunafunga." Mkanda! Mimi! Nikamrudishia palepale. "Ndugu yangu, mimi ni mtu wa Tanga. Babu yangu alipanda mnazi na msuli, akashuka nao." Sikukumbuka kwamba msuli ninaolala nao miaka yote umeshonwa mviringo, na huu ulikuwa kipande kilicho wazi, kipya, kinateleza. Jinzi nayo nikaivua kwa kuwa ilinibana, nikabaki na bukta aliyoninunulia mke wangu kwa bei ya kutupa, nyekundu, imejaa picha za bata mzinga.

Filimbi ikalia, tukavuta, wenzetu wakavuta, visigino vikazama kwenye nyasi zilizolowa, na mara nikasikia upepo mahali ambapo haukupaswa kufika. Ningeachia mkono mmoja tu ningeuwahi msuli. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwisho, nimezungushiwa kamba mgongoni, na nikiachia wanaume wote waliokuwa mbele yangu wanakwenda na maji. Nikasema siachii. Msuli ukashuka magotini, ukashuka miguuni, nikaukanyaga mwenyewe kwenye tope, bata mzinga wote hadharani, na mimi bado nimekaza meno. Watu wakapiga mayowe, simu zikainuliwa, bibi yake Anju akajifunika uso kwa mtandio (kisha akachungulia).

Nikamtafuta Salma kwa macho. Alikuwa amesimama na Anju, kaziba mdomo kwa mikono miwili. Roho iliniuma, nawaambia kweli. Nilijua nimempotezea mtoto rafiki wake wa pekee, kwa ajili ya kukataa mkanda.

Mara akatoka mbio. Nilidhani anakimbilia gari. Kumbe anakuja kwangu. Akaokota ule msuli na tope lake, akaukunjua, akashika pembe moja na Anju akashika ya pili, wakanizungushia kama pazia huku wote wawili wakicheka mpaka machozi. Kisha Salma akanipigia kelele sikioni, kwa Kiswahili:

"Vuta, Baba! Usiachie!"

Nikavuta jamani, nikavuta kama naikomboa roho yangu! Na Bloomington wakatuburuta vilevile, mpaka tukalala chali kwenye tope, pazia juu yangu na wasichana juu ya pazia.

Tukiwa njiani kurudi Salma alirudia Kiingereza chake, akisema hanijui wala hajawahi kuniona. Lakini jioni ile ile Anju alikuja kwetu, wakaiangalia video tena na tena, na sebule yetu haijawahi kuwa na kelele kama zile.

Mwakani nimo tena, jina langu amelipeleka Salma mwenyewe. Naapa mbele yenu nyote: kamba sitaiachia, na kabla hata sijaishika, mtu akininyooshea mkanda nitaupokea kwa mikono miwili, nimuulize kama ana mwingine.