Tulimlilia Lado Akiwa Hai

Asubuhi ile ya mtaani kwetu Munuki, mwanangu, sijaisahau hata kidogo. Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya vita kwisha na amani kutiwa sahihi, tumerudi majuzi tu kutoka ukimbizini Uganda. Kaka yangu Lado alikuwa Nairobi kununua spea za pikipiki. Mwenzake wa biashara, Mganda mmoja aitwaye Okello, akanipigia simu: Lado ameanguka hotelini, upande wa kulia umepooza, hasemi.

"Lakini tumefika hospitali mapema," Okello akasema. "Wamempiga picha ya kichwa, wamemdunga sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Sukari yake iko sawa, daktari anasema hiyo ni dalili nzuri. Ngoja kesho saa kama hii, ndiyo tutajua."

Nilisikia kila neno. Shida ilikuwa kiburi changu. Babu alipatwa na kiharusi nikiwa mdogo, akafa siku ya tatu, basi nikajiona bingwa wa ugonjwa huo. Mama naye alikuwa ananikodolea macho tangu simu ilipolia. Kumwambia "tungoje" niliona ni maneno ya mtoto, nami nilitaka aone nyumba ina mwanamume. Nikasema, "Mama, Lado hayupo tena."

Mchana huohuo ua ulijaa watu. Mama akanyolewa nywele. Nguo za Lado zikagawiwa binamu zake. Kila nilipotaka kusema jamani, tusubiri kidogo, niliona aibu, nikaendelea kupokea rambirambi.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia katikati ya nyimbo za maombolezo. Jina kwenye kioo: Lado. Waliokaa karibu nami waliliona, wakaacha kuimba, lakini wa mbali wakaendelea. Nikapokea. Sauti ilikuwa nzito, inavuta maneno.

"Nimesikia watu wanaimba," akasema. "Nani amekufa hapo nyumbani?"

Mwili ulinisisimka, na hata sasa ninapokusimulia unasisimka. Nikampa Mama simu. Alisikiliza, kisha akanirudishia.

"Analijua jina langu," akasema taratibu. "Lakini mwanangu nimeshamlia. Khalas, yamekwisha."

Lado alirudi baada ya mwezi, anachechemea kidogo tu. Mama alimkaribisha vizuri mno. Akamtandikia mkeka wa wageni, akamuuliza kwao ni wapi. Ikawa hivyo mpaka Mama alipofariki. Kila asubuhi Lado alimpelekea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante, mgeni. Mama yako ana bahati." Lado hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenipiga.

Mwanangu, mgonjwa wa kiharusi akishadungwa sindano ile, usimhukumu kwa unavyomwona saa ya kwanza. Mmoja hunyanyua mkono kesho yake, mwingine huchukua miezi, mwingine haamki kabisa. Daktari aliyesomea kazi hiyo anasema ngoja. Wewe na haraka zako ni nani? Mama yake akikuuliza, mpe ukweli ulio nao, hata ukiwa nusu: yuko hai, hatujui. Kisha kaa chini, mngoje pamoja.

Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na mama yako akuite kwa jina lako mpaka siku yake ya mwisho.