Shuka la Mgeni Haliendi Juu ya Minyaa

Mwanangu, wewe ni mtu wangu, sikufichi: nina hasira. Juzi nimekwenda msibani Singida mjini, tukapangiwa nyumba mojawapo ya hizi za kukodisha kwa siku. Nafunua kitanda, nakuta nywele za mtu na harufu ya pafyumu. Binti wa pale ananiambia, "Mama, shuka limepulizwa." Limepulizwa! Nimelala juu ya kitenge changu, namkumbuka shangazi Eliwaza wa Mkiwa.

Kuna siku moja kwake haijanitoka kichwani. Nilikuwa msichana, naishi kwake. Alikuwa na vyumba vya uani, anapangisha wasafiri wanaosubiri basi pale njia panda. Kilikuwa kiangazi, maji tunanunua kwa mwenye mkokoteni wa punda. Mashuka alimwachia Rehema, mke wa mwanawe.

Sasa Rehema, mgeni akitoka, hafui. Analinyunyizia shuka maji kidogo, analitandaza juu ya uzio wa minyaa upande wa barabara, wapita njia waone nyumba ya watu safi. Na minyaa unaijua, mwanangu. Kijiti kikivunjika kinatoa utomvu mweupe, ukiingia jichoni ni moto. Weka na upepo wetu huu, shuka linasugua vijiti mchana kutwa.

Akaja mama mmoja kutoka Itigi na mtoto mchanga. Akamlaza kitandani. Hata mboga hatujamaliza kuchambua, tukasikia kilio ambacho hata ziwa la mama halikinyamazishi. Tukakimbia. Shavu jekundu, jicho limevimba mpaka limefumba.

Shangazi akamwosha kwa maji safi, dumu zima, yale yale tuliyokuwa tunayaonea uchungu. Kisha akavuta shuka, akalinusa, akamwita Rehema.

"Hili umelifua?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, jifute nalo uso."

Rehema akaficha mikono nyuma.

"Jifute basi. Si safi?"

"Mama, maji yalikuwa machache..."

"Ya kuoga wewe yalitoka wapi? Maji yakikosekana, tunamwambia mgeni chumba hakuna. Jicho la mtoto wa watu utalirudishaje?"

Akambeba mtoto mwenyewe hadi zahanati, mimi nyuma namwomba Mungu njia nzima. Dawa ikapatikana. Lakini mpaka jicho lilipofunguka, yule mama alikaa kwetu, na shangazi hakupokea mgeni mwingine. Rehema alimpikia uji kila asubuhi, anauweka mlangoni, uso hainui.

Basi wewe unayepangisha nyumba, nisikilize. Mgeni akitoka, vua kila kitu, foronya na blanketi pia. Fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yabaki meupe, anika kwenye kamba, juani, mbali na uzio. Weka mashuka mengine kabatini, ili siku ya haraka usishawishike kudanganya. Maji hakuna? Funga chumba! Mtu anakuja kufumba macho nyumbani kwako kwa sababu amekuamini. Kumlaza kwenye jasho la mwenzake ni dhambi, jina lingine sina.

Mungu aibariki mikono yako, na kila anayelala kwako aamke mzima. Wasimulie na wenzako wenye vyumba vya wageni. Waambie mtoto alikaribia kupofuka kwa sababu ya shuka.