Tano-Tisa Niliyompa Kaka Rajabu

Sinywi pombe, na ilikuwa saa tisa mchana. Natanguliza hayo kwa sababu najua utakachoniuliza nikimaliza. Wallahi haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Johannesburg, ndani ya gari langu.

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Bertrams, na ugonjwa wangu ni redio za upepo, zile za kuzungumza kwa maiki. Leseni ninayo. Wenzangu wakinunua redio mpya huniletea niipime, kisha nawaambia kama ni redio au ni bati tu. Kwenye mchezo huu, mtu akikuita hewani anataka umpe ripoti: namba ya kwanza ni usafi wa sauti, mwisho wake tano, ya pili ni nguvu ya mawimbi, mwisho wake tisa. Sasa nikupe aibu yetu. Tano-tisa tunaigawa kama salamu. Hata sauti ikikoroma kama uji unaochemka, tunasema tano-tisa, maana kumwambia mwenzio hasikiki tunaona ni kumvunjia heshima.

Aliyenifundisha redio ni Kaka Rajabu, Mrundi wa Buyenzi, mlinzi wa ghala, aliyepanga chumba Alexandra, mtaa wa hapa hapa mjini unaoogopwa kwa wezi. Tangu wageni walipofukuzwa kule, akalala nje siku nyingi, hakuwahi tena kumbishia jirani mlango. Jioni moja umeme wa mtaa wao ulikuwa umekatika siku ya pili, simu yake imezima, akaniita kwa kiredio chake cha mkononi. Ilikuwa mikwaruzo mitupu. Niliambulia neno moja, "kifua", basi. Nilikuwa nakula. Nikabonyeza maiki, nikasema, "Tano-tisa, kaka, nimekupata," nikarudi kwenye ugali wangu.

Asubuhi walimkuta amefariki. Mlango ulikuwa wazi. Alexandra, mlango wazi usiku kucha! Watu wakasema ni wezi, lakini hakikuibiwa hata kijiko. Ile ripoti yangu sikumwambia mtu.

Miezi minne baadaye nikaletewa redio ndogo ya gari, haizidi Biblia ya mfukoni. Nikapanda nayo kilima cha juu ya Bertrams, nikaanza kuipima. Pretoria niliipata vizuri, sauti safi, ila ilikuwa inachemka haraka. Yote nikayaandika kwenye daftari. Mara radi ikaanza kunguruma, zile za mchana za mji huu, na mtu wa redio akisikia radi huchomoa waya wa antena. Nikauchomoa. Niamini, niliushika kwa mkono wangu nikaulaza kwenye kiti. Redio isiyo na antena ni kiziwi na bubu.

Nikanyoosha mkono niizime, ikasema, "Mdogo yangu, unanipata?"

Wewe ungefanya nini? Mimi mkono ulienda wenyewe kwenye maiki, na mdomo ukatoa kile ulichozoea.

"Tano-tisa, kaka."

Kwenye kioo cha redio hakukuwa na mstari hata mmoja wa mawimbi.

"Acha hiyo tano-tisa," alisema, wala hakuwa na hasira. "Siku ile, uliniskia?"

Nikaanza kulia kama mtoto. "Sikukusikia, kaka. Neno moja tu. Nilikudanganya."

Mvua ikaanza kupiga paa la gari.

"Ah. Kumbe hukunikatalia," alisema. "Nilikuwa nakwambia kifua kinanibana, chukua gari, ukuje. Ukasema umenipata. Nikajikokota nikafungua mlango kabisa, maana nilijua sitainuka tena kukufungulia."

Hakusema tena. Niliita, kaka, kaka, mpaka redio ikanichoma vidole. Kutuma bila antena huunguza redio, sote tunalijua hilo, lakini ile ni nzima mpaka leo.

Nilimpigia mjane wake Bujumbura nikamweleza yote. Alisema tu, "Kumbe alikuwa anakungoja wewe." Hajapokea simu yangu tena, na simlaumu. Moyo wangu haujapona, sitakudanganya. Siku hizi hewani natoa ripoti ya kweli, mbili-moja ikiwa ni mbili-moja, na wapo walioninunia, wanasema najidai. Mwenye ile redio akaja kuuliza ikoje. Nilimwonyesha daftari. Chini ya yale ya Pretoria nilikuwa nimeandika: inasikia kuliko mimi.

Na wewe unayenisikiliza, mtu akikuambia neno usilipate, usimjibu kwamba umempata. Kuuliza si ujinga. Mwambie arudie, hata mara kumi, hata ugali upoe. Huwezi kujua, pengine ukishamjibu tu, anakwenda kukufungulia mlango.