Masizi ya Ramisi

Wiki iliyopita nilikuwa Ukunda, nimeketi kwenye mkahawa mdogo wa kando ya barabara, nikaletewa chai. Kabla sijaionja nilikuwa nimekwisha kuifunika kwa kiganja. Kijana aliyenihudumia, mtu wa bara, alikuja mbio. "Mathe, kwani kuna nzi?" Nikamwambia hakuna nzi, mimi ni mtu wa Ramisi tu. "Ramisi? Si hapo kwa daraja, ukienda Lunga Lunga? Ah, hapo si ni kichaka tu!"

Chai ilinipalia. Kichaka! Sikumgombeza, maana alikuwa na adabu zake na mahamri yake yalikuwa ya moto, lakini njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nikibishana naye moyoni. Basi wewe keti, nikueleze nilichoshindwa kumweleza yeye.

Ramisi ilikuwa mji. Msambweni walikuwa na hospitali yao, Kwale walikuwa na ofisi zao za serikali, na sisi tulikuwa na kiwanda cha sukari chenye dohani ndefu iliyoonekana kabla hujaona paa la nyumba hata moja. Alfajiri king'ora kililia mara tu baada ya adhana, na sisi watoto tukaamka tukisikia garimoshi dogo la miwa likikokota mabehewa yake kutoka mashambani. Tulilikimbilia kuchomoa miwa, tukafukuzwa, tukarudi. Hewa yenyewe ilinukia sukari inayoungua. Wageni walisema inawatia kichefuchefu, sisi ikitutia njaa.

Tuliishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta. Upande huu Mdigo, upande ule Mkamba, mkabala Mjaluo, nyuma Mtaita na Mluhya. Mchana ukipita kwenye laini ulijua kila nyumba imepika nini: hapa wali wa nazi na samaki, pale muthokoi, kule omena. Hakuna aliyekula chungu kimoja tu. Bibi yangu, aliyetulea sote, alikuwa akisema kwamba mtoto wa Ramisi akienda popote Kenya hatalala njaa, kwa kuwa hakuna chakula asichokijua.

Sasa nije kwenye masizi. Msimu wa kusaga ulipoanza, boila zilichochewa kwa makapi ya miwa mchana na usiku, na moshi wake ulibeba vipande vyeusi, vyepesi, vyembamba kama kope za macho. Vilishuka polepole juu ya kila kitu: nguo kambani, mtungi wa maji, kichwa cha mwalimu mwenye upara. Ndiyo maana tulifunika vikombe. Tena masizi hayo yalikuwa na elimu yake. Ukiyafuta kwa kidole yanachora mstari mweusi, na nguo imekwenda. Dawa yake ni kupuliza, phuu, yanaondoka kama hayakuwapo. Mgeni alijulikana kwa kufuta. Mtu wa Ramisi alipuliza.

Watu wa Gazi na Msambweni walituita watu wa masizi. Tulilijua jina hilo, na wakati mwingine tulipigana kwa sababu yake kwenye mechi za mpira. Lakini lilituumiza kwelikweli mara moja tu, siku za harusi ya shangazi yangu.

Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa ameposwa na kijana wa Gazi. Walipendana, hilo halikuwa siri kwa mtu. Mambo yote yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa, mpaka mshenga alipokuja siku moja na uso wa aibu, akakaa kwenye mkeka, akanywa maji, ndipo akasema alilotumwa na mama wa bwana harusi. Nikahi isomwe Gazi. Jamaa zao watavaa kanzu nyeupe, hawawezi kuja kuchafuliwa, wala kula pilau la masizi.

Bibi hakupandisha sauti. "Kawaambie binti yangu amezaliwa hapa na moshi huu ndio uliomlisha. Atachukuliwa hapa. Moshi ukiwachukiza, na yeye atawachukiza."

Mshenga akaenda, na Gazi wakanyamaza kimya. Nyumbani ikawa matanga. Shangazi alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi huku machozi yakimdondoka kwenye sinia, na sote tulijua harusi inavunjika. Mtu mmoja alimuuliza baba, aliyekuwa mchoma boila, kama haziwezi kuzimwa siku moja tu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Boila izimwe kwa ajili ya harusi!

Jioni moja shangazi alimkabili Bibi jikoni. "Mama, masizi ni kitu gani mpaka nikose mume?"

"Si masizi," Bibi alisema. "Ukiingia nyumba ya watu huku unapaonea haya kwenu, hawatakuheshimu maisha yako yote. Mimi nataka uheshimiwe."

Shangazi akatoka jikoni. Naye, nikueleze kweli, hakushawishika hata kidogo. Alimwona mama yake anauza ndoa yake kwa kiburi, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilimsikia akisema hivyo ndani ya mto.

Mwishowe bwana harusi mwenyewe alikuja kwa baiskeli, jasho likimtiririka. Alikuwa amemsihi mama yake hadi akakubali kuja Ramisi. Ila mama huyo ameapa kwamba akifika akaona masizi yanaanguka, hateremki garini. Na asipoteremka yeye, hateremki mtu.

Siku ya harusi upepo ulifanya ukaidi. Tangu asubuhi ulisukuma moshi wote upande wa laini yetu, na masizi yakashuka kwa wingi. Wapishi walifunika masufuria ya pilau kwa masinia na juu ya masinia wakatandaza majani ya mgomba. Shangazi, amekwisha kupakwa hina, alichungulia dirishani mara moja akaketi chini.

Ndipo jirani yetu, mama wa Kikamba ambaye mumewe alikata miwa, alipotoka nje akatazama juu, akarudi ndani, akatoka na leso zake zote za kujifunga. Akapiga kelele, laini nzima ikamsikia. Sijui aliwaambia nini, maana alisema kwa lugha tatu, lakini wanawake walimiminika kutoka kila mlango, kila mmoja na leso zake, nyingine mpya bado zinanuka duka. Wakajipanga safu mbili kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu, wakazinyanyua juu ya vichwa, leso imegusana na leso, ikawa njia yenye paa. Nafasi moja ilikosa mtu. Nikapandishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikashika pembe zangu mbili, na mama wa Kikamba akashika mbili za upande wa pili. Mikono ilikufa ganzi lakini sikuishusha.

Lori lilifika na dufu zake. Dufu zikanyamaza. Mama wa bwana harusi alikuwa ameketi mbele, kwa dereva, buibui lake limekunjwa begani na chini yake dera jeupe pee. Alizitazama zile leso, njia nzima. Tulisikia kiwanda tu kikinguruma. Bibi alitoka mlangoni akaja taratibu chini ya leso mpaka kwenye lori.

"Hawa wote ni jamaa zenu?" mama yule aliuliza, bila salamu.

"Wote."

"Hata huyu?" Alimwonyesha mama wa Kikamba, mwenye msalaba shingoni.

"Huyo ni dadangu," Bibi akajibu. "Karibu."

Mama yule aliwatazama tena wote wawili. Kisha akafungua mlango wa lori, akatafuta ardhi kwa mguu, akateremka. Walikuwa wamefika kwenye kinu changu wakati kipande kimoja kilipopenya kati ya leso mbili kikatua kwenye bega lile jeupe. Akainua mkono afute. Bibi akaudaka mkono hewani. "La! Hayafutwi." Akainama, akapuliza, phuu. Bega likabaki jeupe. Mama wa bwana harusi akajitazama, akamtazama Bibi, akaangua kicheko, na vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena katika harusi yoyote, na nimealikwa hata zile za hoteli za Diani zenye mahema ya kukodi. Nikahi ikasomwa. Pilau likaliwa mpaka sufuria zikakwanguliwa.

Kiwanda kilikuja kuzimwa nikiwa msichana mkubwa. Sababu zake waulize wenye kuzijua. Ninachokijua mimi ni kwamba king'ora hakikulia, na nguo zetu zikakauka safi kambani, na Bibi akazianua akilia. Laini ikahamwa mlango mmoja mmoja. Mama wa Kikamba alirudi Makueni na leso zake, wa Kijaluo wakaenda Kisumu. Siku hizi miwa inalimwa tena pande zile, na nafurahi, lakini ule mji haukurudi, wala lugha tatu kwa pumzi moja.

Mwaka jana nilikuwa Gazi, mjukuu wa shangazi anaolewa. Shangazi sasa ni kizee, alikuwa ameketishwa kitini kati ya wenyeji wake. Bibi harusi alipotoka, wasichana wa Gazi wakajipanga safu mbili na leso wakazinyanyua. Nikasogea karibu. Nikamuuliza mmoja wao, hii ni ya nini?

"Shikamoo, bibi. Ni mila yetu watu wa Gazi, tangu zamani."

"Marahaba. Na inakinga nini?"

Akatazama juu. Mbingu ilikuwa safi, hata wingu hakuna. "Kwani lazima kuwe na kitu cha kukinga?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikachelewa. Aliyejibu ni shangazi, kutoka kitini pake, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, harusi nzima ikageuka kumtazama.

"Masizi!" alisema. "Inakinga masizi ya kwetu!"